Mtoto Anayelala Mdomo Wazi: Cha Kufanya Kabla Taya Halijakomaa

Asubuhi za Juni na Julai huku Nyanda za Juu Kusini zinampa mzazi kipimo ambacho mwenzake wa Dar es Salaam hana. Mtoto anaposimama uani saa kumi na mbili na nusu, sweta limefungwa hadi shingoni, mvuke wa pumzi yake unaonekana kwa macho. Mtazame bila kumwambia. Mvuke ukitoka puani na kushuka kuelekea kidevuni, hakuna neno. Ukitoka mdomoni kila pumzi, naye hakimbii, haongei wala hana mafua ya siku mbili tatu, basi kuna jambo la kufuatilia.

Wazazi wengi huliona jambo hilo na kuishia kukemea: "Baba, funga mdomo, nzi wataingia." Mtoto anafunga kwa dakika moja, kisha anafungua tena. Si ukaidi. Mara nyingi pua yake imeziba, na hewa lazima ipite mahali. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na pua, na mazoezi ya midomo na ulimi yanakuja baadaye. Ukianza na mazoezi wakati pua imeziba, unamtesa mtoto bure.

Taya linahusikaje na pumzi

Pua huchuja vumbi, hupasha hewa joto na kuilowanisha kabla haijafika kifuani. Kwa anayeishi Makete au karibu na Kitulo, ambako umande huganda kwenye majani msimu wa baridi, kazi hiyo si ndogo. Zaidi ya hayo, watafiti wa Taasisi ya Karolinska ya Sweden walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba mianya ya mifupa inayozunguka pua hutengeneza gesi ya nitriki oksidi, ambayo ikivutwa pamoja na hewa husaidia mishipa ya damu ya mapafu kutanuka. Anayepumulia mdomo anaikosa faida hiyo.

Sasa taya. Mtu anayepumulia pua, akiwa ametulia, midomo yake hukutana bila kukazwa na ulimi hupumzika juu, umelalia kaakaa. Ulimi ni msuli mzito. Ukikaa pale mchana na usiku unasukuma kaakaa na meno ya juu kwa nje, huku mashavu yakisukuma kwa ndani, na kati ya nguvu hizo mbili taya la juu linapata upana wake. Mdomo ukiwa wazi, ulimi unashuka na kulala chini, sakafuni mwa kinywa. Mashavu yanabaki yakisukuma peke yake. Kaakaa linabanwa, linakuwa jembamba na lenye kina kirefu kwenda juu, na kwa kuwa kaakaa ndilo sakafu ya pua, pua nayo inazidi kuwa finyu. Taya la chini, ambalo muda mwingi linaning'inia, huelekea kukua kwenda chini badala ya kwenda mbele. Uso unarefuka, kidevu kinarudi nyuma, meno yanakosa nafasi na kupandana. Ukiwahi kuona kibuyu kilichofungwa kamba kikiwa kichanga, unajua jinsi kinachokua kinavyofuata kinachokibana.

Jambo hili limechunguzwa muda mrefu. Egil Harvold na wenzake huko California waliziba pua za nyani wachanga, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 1981 yalionyesha kwamba wanyama hao walibadilika taya na mpangilio wa meno. Kilichovutia zaidi ni kwamba hawakubadilika kwa namna moja: kila mmoja alibadilika kulingana na jinsi alivyojizoeza kushikilia taya na ulimi ili apate hewa. Sten Linder-Aronson wa Sweden alichunguza watoto wenye nyama kubwa za pua, yaani tezi zilizo nyuma ya pua, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na baadaye akaona kwamba wengi waliofanyiwa upasuaji na kurudi kupumulia pua, taya lao la chini lilianza kukua kuelekea mbele zaidi kuliko awali.

Niseme wazi jambo ambalo baadhi ya wanaofundisha mada hii mitandaoni huliruka: urithi una nafasi kubwa katika umbo la uso. Wapo watoto wanaopumulia mdomo na nyuso zao zikakua vizuri, na wapo wenye meno yaliyopandana ambao hawajawahi kuziba pua. Kwa hiyo usimtazame mtoto wa jirani mwenye uso mrefu ukaanza kumhukumu mama yake. Mfuatilie wako, na fanya hivyo akiwa bado anakua.

Hatua ya 1: Mchunguze usiku

Ingia chumbani saa moja au mbili baada ya mtoto kulala. Simama usikilize. Je, anakoroma usiku mwingi hata kama hana mafua? Je, kuna wakati kifua kinahangaika lakini sauti ya pumzi inakatika, kisha anashtuka na kuvuta hewa kwa nguvu? Angalia amelalaje: watoto wenye njia finyu ya hewa mara nyingi hutupa kichwa nyuma na kunyoosha shingo. Gusa mto kama umelowa mate. Hata kukojoa kitandani kwa mtoto aliyekuwa ameshaacha kunaweza kuwa na uhusiano na usingizi wa namna hii.

Bibi atasema, "Huyu kamrithi babu yake, wote wanakoroma." Mpe bibi heshima yake, lakini mtoto anayekoroma kila usiku anahitaji kupimwa. Mrekodi kwa simu, video ya dakika mbili tu, uso na kifua vikionekana na sauti ikisikika. Mchana mtoto atafika kliniki akiwa mchangamfu, na maelezo yako ya mdomo hayatakuwa na uzito ule wa video.

Mchana pima hivi: shika kijiko cha chuma kilichokuwa mahali pa baridi, kiweke chini ya tundu za pua huku mtoto amefunga mdomo. Ukungu unaojitokeza kwenye kijiko unakuonyesha hewa inatoka tundu ipi na kwa kiasi gani. Mtoto wa miaka 6 au zaidi mpe funda la maji alishike mdomoni bila kumeza, mcheze mchezo wa nani atakaa muda mrefu. Akifikisha dakika mbili au tatu bila taabu, pua yake inapitisha hewa, na huenda kilichobaki ni mazoea. Akitema baada ya sekunde chache akihema, pua ndiyo yenye shida.

Hatua ya 2: Tazama ndani ya kinywa

Mkalishe mlangoni kwenye mwanga wa jua, kichwa kimeegemea mapajani mwako, afungue mdomo. Tazama kaakaa. La kawaida ni pana, umbo lake kama U, na kina chake si kirefu. Lililobanwa lina umbo la V na katikati yake limezama. Mwambie aume meno: meno ya juu yanatakiwa kufunika ya chini kwa nje kidogo, pande zote. Ukiona upande mmoja meno ya juu yameingia ndani ya yale ya chini, au meno ya mbele hayakutani na ulimi unachungulia katikati, andika. Angalia pia fizi za meno ya juu ya mbele. Zikiwa nyekundu na zimevimba wakati fizi za magego ziko sawa, mara nyingi ni kwa sababu zinakauka kila usiku kwa hewa ya mdomoni.

Mwisho, mwambie anyanyue ulimi uguse nyuma ya meno ya juu huku mdomo uko wazi. Asipoweza, na ncha ya ulimi ikavutwa chini, huenda ana udata, ule utando wa chini ya ulimi ulio mfupi kupita kiasi. Hilo ni la kumwonyesha tabibu. Si la kukatwa kwa wembe nyumbani.

Hatua ya 3: Tafuta kinachoziba

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo ninapowaomba wazazi wasikimbie.

Anza na moshi. Nyumba nyingi za kwetu hupikia kuni au mkaa, na msimu wa baridi milango na madirisha hufungwa ili joto lisitoke. Pua ya mtoto inayovuta moshi kila jioni huvimba ndani na kujaa kamasi. Jiko likae mahali penye njia ya moshi, na watoto wasikae jikoni wakati kuni zinawashwa. Na jiko la mkaa lisiingie kamwe chumba cha kulala. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na watu hulala nayo wasiamke. Kama ni baridi, ongeza blanketi.

Blanketi lenyewe nalo litazamwe. Mablanketi mazito yanayokaa miezi bila kufuliwa, godoro la zamani na mto wa pamba vina vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, ambavyo husababisha mzio wa pua. Dalili zake unazijua: chafya mfululizo asubuhi, pua inayowasha hadi mtoto anaisugua kwa kiganja kuelekea juu, macho kuwasha, kamasi jepesi kama maji, weusi chini ya macho. Fua mashuka kila wiki kwa maji ya moto, anika mablanketi na godoro juani, pangusa vumbi kwa kitambaa chenye maji badala ya ufagio mkavu. Kwa Tukuyu na maeneo mengine ya Rungwe yenye mvua nyingi, tatizo mara nyingi ni unyevu: kuta zenye madoa meusi ya ukungu nyuma ya kabati. Sogeza kitanda mbali na ukuta huo, fungua dirisha mchana, usianike nguo mbichi chumbani. Kwa upande wa Iringa na bonde la Usangu, kiangazi ni vumbi.

Kisha kuna nyama za pua. Hizi ni tezi zilizo nyuma kabisa ya pua, juu ya koo; huwezi kuziona kwa kumulika tochi puani. Kila mtoto anazo. Huwa kubwa zaidi kati ya miaka 3 na 7, halafu hupungua anapoelekea ujana. Kwa baadhi zinakuwa kubwa kiasi cha kuziba njia nzima, na sauti ya mtoto inakuwa ya puani kana kwamba ana mafua mwaka mzima. Mara nyingi huambatana na tezi kubwa za koo, mafindofindo, na masikio kujaa maji hadi mwalimu analalamika kwamba mtoto hasikii akiitwa.

Kama uchafu unatoka tundu moja tu la pua, na una harufu mbaya, fikiria kwanza kitu kilichoingizwa: punje ya mahindi, haragwe, kipande cha sponji. Usijaribu kukichokoa. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Na kimeo. Bado wapo wanaoamini kwamba mtoto anayekohoa, anayekoroma au asiyenyonya vizuri ana kimeo kirefu, na kwamba kikikatwa atapona. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Hakizibi pua, na kukikata hakuondoi nyama za pua wala mzio. Kinachoweza kufuata ni damu nyingi, maambukizi, pepopunda, na wapo watoto waliopoteza maisha. Ukiambiwa na mtu unayemheshimu sana mtaani kwamba mtoto akakatwe kimeo, mshukuru, umpeleke mtoto hospitali.

Hatua ya 4: Osha pua kwa maji ya chumvi

Chemsha maji yatokote kabisa. Kwa kuwa tuko juu, maji hutokota kabla ya kufika nyuzi 100: Mbeya mjini, yapata mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ni kama nyuzi 94. Yaache yatokote walau dakika moja. Ukiwa sehemu za zaidi ya mita 2,000, kama Makete, yaache dakika 3. Yapoe hadi yawe vuguvugu. Kwenye kikombe kimoja cha mililita 250, weka nusu kijiko cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa. Koroga hadi iyeyuke. Usitumie maji ya bomba wala ya kisima ambayo hayajachemshwa.

Mtoto mdogo mwekee matone mawili matatu kila tundu, subiri dakika, kisha safisha kamasi linalotoka. Mtoto mkubwa anaweza kusukumiwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano: ainamishe kichwa juu ya beseni, mdomo wazi, maji yaingie tundu moja taratibu na kutokea jingine. Halafu apenge tundu moja baada ya jingine, bila nguvu. Asubuhi na jioni inatosha. Maji yaliyobaki yamwagwe. Kesho tengeneza mengine.

Dawa za matone za kuzibua pua zinazouzwa dukani zinafanya kazi haraka, na hapo ndipo mtego wake. Zikitumiwa zaidi ya siku 5, pua huanza kuziba zaidi kila unapoziacha. Kwa mtoto usizitumie bila maelekezo ya daktari. Dawa za kupaka zenye menthol au kafuri zisipakwe puani, na zisitumike kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka 2.

Hatua ya 5: Hospitali

Ukiona pumzi inakatika usingizini, usisubiri majaribio ya nyumbani. Vinginevyo, kama wiki nne za kuosha pua na kusafisha chumba hazijabadilisha kitu, nenda. Safari huanzia zahanati au kituo cha afya, ikapanda hospitali ya wilaya, ya rufaa ya mkoa, hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Omba rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo, na omba pia kuonana na daktari wa kinywa na meno. Nenda na video. Uliza moja kwa moja: kinachoziba ni nini? Ni mzio, nyama za pua, au umbo la pua lenyewe? Mzio hutibiwa kwa dawa ya kupuliza puani ambayo mtoto huitumia kwa wiki kadhaa bila kukatisha. Usiiache siku ya tatu kwa sababu hujaona mabadiliko. Nyama kubwa zinazozuia usingizi huondolewa kwa upasuaji.

Kuhusu meno, chama cha madaktari wa kupanga meno cha Marekani kinashauri mtoto akaguliwe mpangilio wa meno kabla hajavuka miaka 7, wakati magego ya kwanza ya ukubwani yanapochomoza. Ni ushauri mzuri hata kwetu. Kaakaa lina mshono katikati ambao bado uko wazi utotoni, hivyo kifaa cha kulitanua hufanya kazi kwa urahisi. Mshono ukishakaza mwishoni mwa ujana, kazi ileile inaweza kudai upasuaji.

Hatua ya 6: Fundisha mdomo kazi yake

Hii ni baada ya pua kufunguka. Mwambie mtoto aseme "nanasi", asimame kwenye ile "n" ya kwanza. Ncha ya ulimi imegusa nyuma kidogo ya meno ya juu. Hapo ndipo kwake. Sehemu iliyobaki ya ulimi ipande na kulalia kaakaa, midomo ikutane, meno yasikazwe. Mfanyishe kabla ya kulala na akiwa anasoma, kwa upole. Kumkumbusha kwa ishara ya kidole mdomoni kunatosha; kumtangaza mbele ya wageni kunamuumiza.

Kutafuna kuna nafasi yake pia. Tangu akishaanza chakula akiwa na miezi 6, usimzoeshe uji na viazi vilivyopondwa hadi miaka miwili. Songa mbele: ugali, mboga isiyosagwa, vipande laini vya nyama. Mkubwa apewe makande, karoti mbichi, muwa, hindi la kuchoma. Karanga nzima na punje ngumu ziepukwe kwa walio chini ya miaka 5, kwa sababu ya kupaliwa. Kabla ya kuanza chakula, maziwa ya mama: kunyonya kunafanyisha ulimi na taya kazi nzito huku mtoto akipumulia pua, na watoto walionyonya muda mrefu kwa ujumla wana matatizo machache ya mpangilio wa meno. Kunyonya kidole hakuna shida kwa mtoto mchanga; akishavuka miaka 3 au 4, msaidie aache, kwa kuwa kidole husukuma meno ya mbele na kukalia mahali pa ulimi.

Usimfunge mtoto mdomo kwa plasta usiku. Nimeona watu wakishauri hivyo mitandaoni. Mtoto mwenye pua iliyoziba, au anayetapika usingizini, anaweza kukosa hewa.

Vijana wananiuliza sana kuhusu ule mtindo wa kubana ulimi juu ili taya lichongeke. Kukaa ulimi juu ni tabia nzuri. Lakini kwa mtu ambaye mifupa imeshakomaa, hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba mazoezi hayo hubadilisha umbo la taya, na kubana kwa nguvu huweza kuleta maumivu ya kiungo cha taya. Kijana anayekoroma na kuamka amechoka akapimwe usingizi na pua.

Hatua ya 7: Fuatilia

Siku unayoanza, piga picha mbili za uso wa mtoto, moja ya mbele na moja ya upande, ametulia, hajatabasamu, mahali penye mwanga wa mchana. Rudia mahali palepale kila baada ya miezi 6. Hata baada ya nyama za pua kutolewa, watoto wengi huendelea kulala mdomo wazi kwa wiki kadhaa kwa mazoea tu, kwa hiyo usikate tamaa mapema. Endelea na kuosha pua kama ulivyoelekezwa, na "n" ya nanasi kila jioni. Miezi 3 ikipita na bado anapumulia mdomo, mrudishe kwa daktari aliyemfanyia upasuaji, kwa sababu nyama huweza kuota tena kwa watoto wadogo, na mzio unaweza kuwa ulikuwepo tangu mwanzo pamoja nazo. Picha hizo mpelekee pia tabibu wa meno.